Makumbuko, Si Tawasifu

Neno tawasifu limebandikwa juu ya mtaala wa darasa la jioni ninalofundisha hapa Dar es Salaam, na madhara yake nayaona kila muhula. Wanadarasa ni watu wazima, wengi wao wastaafu, waliokuja kujifunza kuandika yale waliyoyapitia. Wanaambiwa wataandika tawasifu, nao huandika tawasifu. Mzee mmoja aliyefanya kazi katika reli ya TAZARA aliniletea ukurasa ulioanza na tarehe ya kuzaliwa, ikafuata shule ya msingi, mafunzo, cheo cha kwanza, cheo cha pili, ndoa, watoto, kustaafu. Maisha mazima yalienea kwenye karatasi moja na nafasi ikabaki. Nilipomuuliza ni kituo gani kilichomkaa moyoni, alitaja Mlimba, akaanza kusimulia usiku mmoja wa masika: taa ya mkononi iliyokuwa ikififia, behewa la mizigo lililogoma kusogea, abiria wakimwita kutoka gizani kana kwamba mvua ile aliileta yeye. Alisimulia mpaka darasa likanyamaza. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, hayo nayo ni tawasifu?"

Siyo. Na kosa si lake, ni la waliochagua neno.

Tulitazame neno lenyewe. Mzizi wake ni ule wa Kiarabu uliotupa sifa, kusifu na wasifu. Katika Kiarabu mzizi huo hueleza hali ya kitu. Ulipovuka bahari na kukaa kwetu ukachukua pia maana ya kutukuza, na leo anayesema "namsifu" hakuna anayedhani anamweleza tu. Wasifu nao umeshaingia ofisini: mwombaji wa kazi huambatisha wasifu wake pamoja na vyeti. Juu ya hapo likaja tawasifu, na tukafundishwa kwamba ile ta- ya mwanzo ndiyo inayobeba maana ya mtu kujieleza mwenyewe. Mimi siioni maana hiyo. Neno limekaa kwa mizani ile ile ya tafsiri, tashbihi na tasnifu, na hakuna anayedai kwamba tafsiri ni kujifasiri au tashbihi ni kujishabihisha. Waarabu wenyewe, wanaodaiwa kuwa chanzo, maisha ya mtu yaliyoandikwa na yeye mwenyewe huyaita sira dhatiya, na zile habari za vipande vya maisha alivyovikumbuka huziita mudhakirati. Tumeazima kwa jirani chombo ambacho yeye mwenyewe hakitumii kwa kazi hiyo.

Tuseme hata hivyo tawasifu limekwisha kuzoeleka kwa maisha kamili, toka kuzaliwa hadi uzee. Na libaki huko. Ninachopinga ni kulivuta lifunike utanzu wa pili, ule wa mtu kuchukua kipande kimoja cha maisha yake na kukikalia mpaka kikatoa kila kilichomo. Utanzu huo tunao siku nyingi. Shaaban Robert aliita kitabu chake Maisha Yangu, na kilichofuata Baada ya Miaka Hamsini, jina ambalo lenyewe linakata kipande. Shafi Adam Shafi, katika Mbali na Nyumbani cha mwaka 2013, alisimulia safari ya ujanani. Waandishi walishatangulia; istilahi ndiyo imechelewa.

Kamati moja, ambayo niliiandikia kwa adabu zote, ilinijibu kwamba neno lipo tayari nalo ni kumbukumbu. Barua ya jibu ilikuwa na "Kumb. Na." juu kabisa, na hiyo peke yake ingetosha kuwa hoja yangu. Kumbukumbu ni nambari ya barua. Ni yaliyoandikwa na katibu wa kikao. Ni Kumbukumbu la Torati. Ni mnara wa mashujaa, ni siku ya kuwaombea marehemu, ni uwezo wa akili wa kuhifadhi mambo. Neno lenye mizigo mingi hivyo ukiliongezea utanzu mzima wa fasihi, msomaji hajui ameletewa kitabu au jalada la masjala.

Neno ninalolipendekeza, na nimelipendekeza kwa miaka bila kupewa hata heshima ya kujadiliwa, ni makumbuko. Limetoka kwenye kitenzi tulicho nacho kwa njia tuliyo nayo: sikitika, masikitiko, badilika, mabadiliko, pumzika, mapumziko, kumbuka, makumbuko. Wafaransa walipotaka kutenga uwezo wa kukumbuka na maandishi yanayotokana nao walitumia jinsia ya nomino: mémoire ya kike ni uwezo wa akili, ya kiume ni andiko. Sisi tuna ngeli. Kumbukumbu ikae i-/zi-, makumbuko yakae li-/ya-, na kazi imekwisha bila kugonga hodi kwa mtu.

Mwanaistilahi mmoja, ambaye hushinda akibuni maneno yasiyotamkika, alisema hadharani kwamba makumbuko yatachanganywa na makumbusho. Lakini ona hutoa maono na onyesha hutoa maonyesho, na sijakutana na mtu aliyekwenda Sabasaba kutafuta maono. Makumbusho ni mahali unapokumbushwa na wengine. Makumbuko ni yale unayoyakumbuka mwenyewe. Tofauti hiyo imo ndani ya kitenzi, na mtoto anayejifunza kusema huijua kabla ya kwenda shule.

Mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, madarasa ya kisomo yalikusudiwa kumkuta mtu mzima pale alipo, shambani na nyumbani kwake. Darasa la jioni la leo linastahili jina la kumkuta mtu vivyo hivyo. Mwambie mstaafu aandike tawasifu, ataleta vyeti. Mwambie aandike makumbuko, atakuuliza ya lini, na hapo somo limeshaanza.

Matumizi ni mepesi: "anaandika makumbuko yake ya Mlimba," "makumbuko ya utotoni," "darasa la makumbuko." Umoja wake, kumbuko, utumike kwa kipande kimoja kinachosomwa darasani.