Wimbo na Uwanja Wake

Kila wimbo una nyumba yake. Utenzi wa barazani, kaswida ya madrasa na wimbo wa jembe havikutungwa kwa pumzi moja wala kwa sikio moja. Chumba kilichozibwa kuta ili kelele za nje zisiingie, ambacho watu hukiita studio, ni nyumba changa kupita zote. Pamoja na kuwapo kwake, wako watu waliochukua mtambo wao wakaupeleka ulipo wimbo: shambani, njiani, chini ya mti, mbele ya nyumba ya mtemi. Historia ya kazi hiyo katika Usukuma na nchi jirani yafaa kuelezwa, kwa maana inafundisha jambo lililo jepesi kusahauliwa. Mtambo huweza kuchukua sauti ukaacha mahali; na sauti iliyoachwa bila mahali pake, na bila jina la mwenyewe, ni yatima.

Wilaya ya Kishapu, iliyoundwa mwaka 2002 katika Mkoa wa Shinyanga, ni nchi ya tambarare, ya mvua haba na mbuga za udongo mweusi. Udongo huo ukikauka hupasuka, ukilowa hunata jembeni. Mtu mmoja akiulima peke yake huchoka kabla jua halijapanda. Kwa sababu hiyo Wasukuma waliufanya ukulima kuwa kazi ya kundi, na kundi likawa na ngoma yake. Katika bugobogobo wapigaji hufuatana na wakulima mpaka shambani, na majembe huinuka na kushuka pamoja kwa mapigo ya ngoma. Ngoma hiyo si pambo la kazi. Ndiyo inayogawa pumzi, inayomwamsha mvivu na kumsifu hodari, na shamba ambalo lingechukua siku nyingi humalizika upesi.

Baada ya mavuno, wakati ghala lina akiba na miguu ina nafasi, huja mashindano. Wachezaji wa Usukuma wamegawanyika tangu zamani katika vyama viwili vikubwa, Bagika na Bagalu, ambavyo asili yake husimuliwa kuwa ni waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Kila upande huwa na manju wake, na aghalabu mshindi ni yule anayewavuta watazamaji wengi zaidi. Hivyo manju hutunga akiwa na mpinzani wake karibu. Neno lake humlenga mtu aliye upande wa pili wa uwanja, na watazamaji hulielewa kwa sababu walisikia lililosemwa kabla yake. Wimbo huo ukiondolewa uwanjani hubaki kama jibu ambalo swali lake limepotea.

Mtambo wa kwanza kuzifikia sauti za nchi hizi ulikuwa wa nta. Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa wapagazi mashuhuri, na nyimbo zao zilisikika katika njia ndefu za kwenda pwani kabla ya reli kujengwa. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alisafiri kusini mwa koloni la Wajerumani akiwa na fonografu. Kitabu chake cha mwaka 1908 kiliandika habari za nyimbo za wapagazi wake Wanyamwezi, ambao mnyapara wao alijulikana kwa jina la Pesa Mbili. Mwimbaji wa wakati huo alipaswa kusimama mbele ya pembe ya mtambo na kuimba ndani yake, na silinda ya nta ilijaa kwa dakika chache tu. Mtu aliyezoea kuimba akitembea, na mzigo kichwani na wenzake wakimwitikia nyuma, aliambiwa asimame.

Silinda za namna hiyo zilipelekwa Ulaya. Huko Berlin palikuwa na hazina ya sauti, iliyoanzishwa mwaka 1900, na msimamizi wake Erich von Hornbostel alichapisha mwaka 1909, katika jarida la Anthropos, uchunguzi wa nyimbo za Wanyamwezi. Kazi yake ilikuwa ya uangalifu mkubwa: alipima sauti, akaandika mapigo, akalinganisha miimbo. Walakini aliisikiliza Unyamwezi bila ya kuiona. Alipata kujua wimbo unapanda na kushuka vipi, lakini njia ambayo wimbo huo uliifupisha hakuijua. Hapana haja ya kumlaumu kwa hilo; yatosha kutambua kwamba tangu mwanzo elimu hii ilikuwa na mwanya kati ya sikio na mahali.

Pwani mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja, ambaye baadaye Shaaban Robert aliandika wasifu wake, alivuka bahari pamoja na wenzake mpaka Bombay ili sauti zao zitiwe katika santuri. Wafanyabiashara walijua kwamba pwani kulikuwa na gramafoni na wanunuzi. Mwimbaji alikwenda ulipo mtambo, na sifa yake ikarudi nyumbani pamoja na santuri. Kwa mkulima wa Shinyanga hapakuwa na merikebu ya namna hiyo. Wimbo wake ulihitaji uwanja, wapigaji na waitikiaji wengi, na soko lake halikuonekana na mtu wa duka. Kama mtambo haukumfuata, basi sauti yake ingebaki kwa wale waliokuwapo tu.

Aliyeutambua ugumu huo mapema ni Hugh Tracey, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1903 na kuhamia Rhodesia ya Kusini akiwa kijana. Huko alifanya kazi katika shamba la tumbaku la ndugu yake, na kwa wafanyakazi Wakaranga akajifunza nyimbo na lugha. Mwaka 1929 aliwachukua vijana 14 wa Kikaranga mpaka Johannesburg ili waimbe mbele ya mitambo ya kampuni ya santuri. Kazi ilifanyika, lakini ilikuwa dhahiri kwamba njia hiyo haiwezi kuenea barani: mji wa mbali haungeweza kupokea kila kijiji. Katika miaka iliyofuata aligeuza safari yenyewe. Badala ya waimbaji kubebwa, mtambo ndio uliobebwa ndani ya gari.

Kuanzia Mei hadi Novemba mwaka 1950 Tracey alizunguka Afrika ya Mashariki, na katika Tanganyika alinasa muziki wa makabila mengi, wakiwamo Wasukuma na Wanyamwezi. Injini ya kufua umeme iliwekwa mbali, ili ngurumo yake isichanganyike na ngoma, na waya mrefu ukavutwa mpaka kwa waimbaji. Kipaza sauti hakukisimamisha mahali pamoja. Alikishika mkononi, akakisogeza kwa mwongozaji neno lilipoanza, kisha kwa waitikiaji, kisha kwa mpigaji aliyebadili mapigo. Alipenda mahali pa wazi, kwa kuwa ukuta hurudisha mwangwi na mwangwi huchafua sauti. Katika ufundi huo palikuwa na heshima, kwa sababu mtu anayefuata wimbo kwa mkono hana budi kuusikiliza kwanza.

Tena aliandika. Kila wimbo ulipewa kadi yake: lugha, mahali, ala, na mara nyingi jina la mwongozaji. Mwaka 1954 alianzisha huko Afrika ya Kusini maktaba ya kimataifa ya muziki wa Kiafrika, ijulikanayo kwa kifupi ILAM, ambayo baada ya kifo chake mwaka 1977 ilihamia katika Chuo Kikuu cha Rhodes. Mfululizo wa santuri zake, zaidi ya 200, ni ghala ambalo mwanafunzi yeyote wa muziki wa bara hili hana budi kulifikia.

Pamoja na sifa hizo, lazima kasoro zitajwe. Ya kwanza ni muda. Santuri ya wakati ule ilichukua dakika tatu hivi kila upande, na desturi hiyo ya dakika tatu iliendelea hata utepe ulipopatikana. Wimbo wa jembe huanza asubuhi ukaisha shamba linapoisha. Kinachobaki katika dakika tatu ni mfano wa wimbo, kama konzi ya mtama ilivyo mfano wa mavuno. Kasoro ya pili ni wakati. Msafiri hupita siku anayopita, aghalabu kwa msaada wa maofisa na machifu, na waimbaji huitwa mbele yake. Wimbo wa kulimia ulioimbwa pasipo jembe mkononi hukosa mlio wa chuma na kishindo cha udongo, ambavyo navyo ni sehemu ya ngoma. Kasoro ya tatu ni haki. Kampuni ya Gallo ya Johannesburg ilikuwa mshirika katika kutoa santuri, na nyimbo zilizokuwa mali ya kundi zikawa bidhaa katika nchi ambayo kundi hilo halikuijua.

Migodi inaonyesha hatari hiyo kwa uwazi zaidi. Mwadui, iliyo ndani ya Kishapu ya leo, ilijulikana baada ya John Williamson kugundua almasi mwaka 1940. Na huko Geita dhahabu ilichimbwa kwa kampuni tangu miaka ya 1930 hadi 1966, kisha kwa mgodi mpya tangu mwaka 2000. Mtambo wa kuchimba hauhitaji bugobogobo: una mapigo yake mwenyewe, wala haupokezani na mtu. Katika migodi ya dhahabu ya Afrika ya Kusini, Tracey mwenyewe alisaidia kubuni uwanja maalumu wa ngoma uliojengwa mwaka 1943, wenye viti vya watazamaji, ambamo wachimbaji walicheza siku za Jumapili. Ngoma ilipata jukwaa zuri, na watu walifurahi. Lakini kazi iliyoizaa ngoma ilikuwa imekwisha kutengwa nayo. Kilichokuwa nguvu ya kulima kilikuwa sasa tamasha la mapumziko.

Redio nayo ilikuwa na sehemu yake. Matangazo ya Dar es Salaam yalianza mwaka 1951, na baada ya uhuru redio ya taifa ikawa mlango mkuu wa wanamuziki wa nchi, hata kwa miaka mingi wale waliotaka kunasa nyimbo walikwenda kwake au walivuka mpaka kwenda Nairobi. Kisha zikaja kaseti, na baada yake kompyuta. Leo mwimbaji wa Kisukuma asiye na kampuni wala msimamizi aweza kunasa wimbo wake katika chumba kidogo cha mjini, akalipa mwenyewe na kuusambaza mwenyewe. Uhuru huo hakuwa nao Pesa Mbili, wala hawakuwa nao waliosimama mbele ya kipaza sauti mwaka 1950. Lakini umekuja na kinyume chake. Aghalabu picha ya wimbo huchukuliwa shambani, kati ya ng'ombe au kando ya kisima, ilhali sauti imetengenezwa chumbani na ngoma imepigwa na kompyuta. Zamani mtambo ulichukua sauti ukaacha mahali. Sasa huchukua sura ya mahali ukaacha sauti yake.

Dawa ya tatizo hili si kuwakataza waimbaji wasiingie chumbani. Mtungaji ana haki ya kuchagua nyumba ya wimbo wake, na Bagika na Bagalu hawakuwahi kushinda kwa kukataa mambo mapya. Dawa ni maarifa yaendayo pamoja na sauti. Frank Gunderson, mtaalamu wa Kimarekani aliyefanya utafiti Usukuma katika miaka ya 1990, alichapisha mwaka 2010 kitabu chenye nyimbo za kazi za Wasukuma zaidi ya 300, na maelezo ya kazi na makundi zilikotoka. Kazi hiyo imeonyesha kwamba wimbo mmoja wa jembe huweza kubeba habari za pamba, vita, ujamaa na bei ya soko. Habari hizo hazipatikani katika mapigo peke yake. Zimo katika kujua nani aliimba, kwa nani, na siku gani.

Iko pia kazi ya kurudisha. Katika safari ile ile ya mwaka 1950 Tracey aliwanasa Wakipsigis wa Kenya, na mwaka 2014 ILAM ilianza kupeleka nakala za sauti hizo vijijini zilikotoka. Ilidhihirika kwamba sauti za miaka 64 zingali na wenyewe. Wasukuma nao wana sauti katika hazina hiyo hiyo. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inatambua sanaa za jadi kuwa kitu kinachostahili ulinzi. Lakini sheria haiwezi kulinda kitu ambacho wenyewe hawakijui kilipo. Nakala zikiwekwa katika shule na nyumba za utamaduni za Shinyanga, kijana wa Kishapu ataweza kulinganisha ngoma ya kompyuta yake na ngoma ya babu zake, kisha akachagua kwa kujua.

Basi kwa wanafunzi wa leo, wengi wao wakiwa na kinasa sauti mfukoni, historia hii ni fundisho la kazi. Anayekwenda uwanjani na asubiri msimu wa wimbo. Anase mpaka wimbo uishe. Aandike jina la manju, la kundi lake na la kijiji. Na aache nakala kabla ya kuondoka. Mambo hayo manne hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji kukubali kwamba mwenye wimbo ndiye mwenyeji, na mwenye mtambo ni mgeni wake.