Kushika Yaliyosemwa: Habari za Usukuma na Nchi ya Dhahabu

Leo twataka kusema juu ya jambo ambalo kila mwanafunzi analijua kwa kuumia nalo. Mwalimu asema saa nzima darasani, nawe wamsikiliza kwa makini, wala husinzii. Kesho yake ukiulizwa, waona yamebaki maneno mawili matatu tu, kama punje zilizosahauliwa ghalani. Au wasoma kitabu mpaka ukurasa wa mwisho, na baada ya mwezi mmoja jina lake ndilo lililobaki. Wengi hudhani kwamba huu ni upungufu wa akili. Sivyo, na habari za nchi hii, tangu Shinyanga mpaka Geita, zaonyesha kuwa sivyo.

Mjerumani mmoja, jina lake Hermann Ebbinghaus, alijipima mwenyewe kwa muda mrefu, akatoa kitabu mwaka 1885. Alijifunza kwa moyo silabi zisizo na maana yoyote, akaangalia zapotea kwa mwendo gani. Akaona ya kuwa kusahau hakwendi polepole kama kuisha kwa mafuta ya taa, bali huanza mbio: baada ya saa moja hivi zaidi ya nusu ya kazi yake ilikuwa imepotea, na baada ya siku moja kama theluthi mbili, ndipo mwendo ulipopungua, hata baada ya mwezi ikabaki kama sehemu moja katika tano. Maneno yenye maana hukaa zaidi kuliko silabi tupu, lakini nayo huanza kutoroka mapema. Basi mtu asahauye asijilaumu sana. Na ajiulize amefanya nini na neno lile tangu alipolisikia.

Wazee wa Usukuma wa zamani hawakuwa na kalamu, na hata hivyo walikuwa na mambo mengi ya kushika: koo, mipaka, dawa, hukumu, na miaka ya njaa. Katika mabaraza ya watemi mashauri yaliamuliwa kwa kumbukumbu za wazee, wale waitwao banamhala. Shauri la zamani halikutafutwa kabatini. Mzee mmoja alilisimulia, na wenzake wakamsahihisha palepale mbele ya watu. Kwa ajili hiyo Hans Cory, mtaalamu wa mila katika serikali ya Tanganyika, alipotaka kuandika sheria na desturi za Wasukuma, katika kitabu kilichotoka mwaka 1953, ilimpasa kwanza akae na watemi na wazee awasikilize. Yaliyomo katika kitabu kile yalikuwa yamekwisha kushikwa vichwani mwa watu kabla ya kutiwa wino.

Kuliko baraza, ngoma ndiyo iliyokuwa shule kubwa. Mapokeo yasema kwamba katika karne ya 19 walikuwapo waganga wawili mashuhuri, Ngika na Gumha, walioshindana kwa uganga na kwa ngoma. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Bagika, na wa Gumha wakaitwa Bagalu, na majina hayo hayajafa. Baada ya mavuno, kiangazi kinapoingia na watu wamepumzika majembe, pande hizi mbili hucheza siku moja katika uwanja mmoja, kila upande mahali pake, na watazamaji huenda wakirudi kati yao. Mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi.

Tuitazame kazi ya manju katika ngoma hiyo, kwa maana ndani yake mna fundisho. Manju hutunga nyimbo mpya, akatia humo habari za mwaka, sifa za watu wake na dhihaka kwa wapinzani. Lakini wimbo ungekuwa kichwani mwake peke yake usingefaa kitu. Yeye hutanguliza neno, wengine huitikia; leo hufanya hivyo, na kesho, na siku nyingine tena, mpaka siku ya mashindano. Hakuna mchezaji aliyeridhika kuusikia tu. Aliutoa kinywani mwake mwenyewe mbele ya wenziwe, akakosea, akachekwa, akarudia, na miguu yake ikaufuata. Hata shambani nyimbo ziliimbwa kwa zamu za majembe, hata jembe likawa kama mshika hesabu wa maneno. Watu waliocheza wakiwa vijana huweza kuziimba nyimbo zile katika uzee wao, ijapokuwa hawakumbuki walichokula juzi.

Walakini njia hii nayo ina ila. Wimbo usioimbwa tena hufa pamoja na manju wake, na wala hapana anayejua ni nini kilichopotea. Tena iko kazi isiyoweza kufanywa kwa wimbo. Waswahili husema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na wakulima wa pamba wa Usukuma walilijua neno hili kwa hasara. Walileta pamba yao kwa wanunuzi, wakapimiwa kwa mizani wasiyoweza kuisoma, wakapewa hati wasiyoweza kuisoma. Malalamiko juu ya mizani yalikuwa mojawapo ya mambo yaliyowafanya waunde vyama vya ushirika, vikaungana mwaka 1955 katika shirikisho moja la Ziwa Victoria chini ya uongozi wa Paul Bomani. Chama kizuri, lakini mwanachama asiyejua tarakimu bado humtegemea karani wake.

Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha ya kuwa yapata theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania Bara hawakujua kusoma. Mwaka uliofuata, 1968, ulianza huko Mwanza mradi wa elimu ya watu wazima uliosaidiwa na UNESCO, ukahudumia mikoa minne ya Ziwa: Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi. Geita wakati ule ilikuwa wilaya katika Mkoa wa Mwanza. Mkoa wake yenyewe ulianzishwa mwaka 2012. Watengenezaji wa mradi huu walifanya jambo la busara. Hawakumpa mkulima mwenye mvi kitabu cha watoto chenye picha za paka na mpira. Walitunga vitabu vya kusomea juu ya kazi za watu wenyewe: pamba kwa wakulima wa pamba, migomba kwa watu wa migomba, ng'ombe kwa wafugaji, samaki kwa wavuvi, na matunzo ya nyumba. Mtu aliyesoma jioni juu ya kupanda kwa mistari alikwenda asubuhi akalishika jembe lile lile alilolisoma, na kila mstari wa shamba ukamkumbusha mstari wa kitabu.

Jioni ya tarehe 31 Desemba 1969 Mwalimu Julius Nyerere alilihutubia taifa kwa redio, akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Redio yenyewe ilikuwa bado kijana katika nchi hii. Matangazo yalikuwa yameanza Dar es Salaam mwaka 1951 tu. Twakiri, sisi tusemao kwa njia hii, kwamba redio ina ila kubwa: haiambiwi irudie. Mwalimu wa darasani aweza kunyoshewa mkono, mzee wa baraza aweza kuulizwa, lakini sauti ya hewani hupita kama ndege. Kama msikilizaji hakulishika neno pale pale, limekwenda.

Dawa ya ila hii ilijaribiwa kwa kadiri kubwa mwaka 1973, katika kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Kwa majuma 12 watu yapata milioni 2 nchini kote, katika vikundi vipatavyo 75,000, walikutana mara moja kila juma: chini ya mwembe, shuleni, au uani kwa mtu. Kiongozi wa kikundi hakuwa daktari. Alikuwa jirani aliyefundishwa kidogo namna ya kuongoza mazungumzo. Kwanza wote walisikiliza kipindi cha redio. Kisha mmoja ajuaye kusoma aliwasomea kwa sauti sehemu ya kitabu ihusuyo jambo lile lile, kama malaria, kichocho, kuhara damu au kifua kikuu. Kisha redio ikazimwa, kitabu kikawekwa chini, nao wakaulizana: Je, ugonjwa huu uko kwetu? Waingilia wapi? Nani alipatwa nao mwaka jana? Mwisho wakakata shauri la jambo watakalolifanya kabla ya kukutana tena.

Tunapenda kukaa kidogo hapa, maana wengi walioisifu kampeni ile waliusifu wingi wa watu, na sisi twaona ya kuwa siri yake haikuwa wingi. Neno moja lilipita masikioni, likapita machoni au katika sauti ya msomaji, likatoka vinywani mwa watu wenyewe kwa lugha yao ya nyumbani, kisha likaingia mikononi. Aliyechimba choo hakuhitaji tena kuambiwa kwa nini choo chafaa. Kila alipokipita alilisoma somo lake. Vyoo vilivyochimbwa katika majuma yale vilikuwa maelfu kwa maelfu. Na yale majuma 12 nayo yalifaa: mafundisho yaliyomwagwa yote kwa siku tatu yangepotea kwa mwendo ule wa Ebbinghaus, lakini yalipopangwa juma kwa juma, kila mkutano uliwakuta watu wakiwa karibu kusahau, ukawakumbusha kwa wakati wake.

Wataalamu wa siku za karibu wameyathibitisha haya kwa njia yao. Mwaka 2006 Wamarekani wawili, Roediger na Karpicke, walitoa habari za wanafunzi waliopewa makala fupi. Baadhi waliisoma mara mbili. Wengine waliisoma mara moja, kisha wakaifunika, wakaandika yote waliyoweza kuyakumbuka. Baada ya dakika tano waliosoma mara mbili walikuwa mbele, nao bila shaka walijiona hodari. Baada ya juma moja mambo yaligeuka: waliojiuliza walikumbuka sehemu 56 katika mia, na waliorudia kusoma 42 tu. Manju wa Bagalu hakuhitaji kuambiwa hayo. Lakini mwanafunzi anayekesha usiku wa mtihani akipitisha macho juu ya daftari lile lile mara nne, huyo anahitaji sana.

Sasa tuseme na upande wa huzuni. Kwa hesabu za serikali, mwaka 1986 wasiojua kusoma walikuwa wamebaki chini ya mmoja katika kumi. Hapana nchi nyingi maskini zilizofika huko. Lakini sensa ya mwaka 2002 ilionyesha kwamba katika watu wa umri wa miaka 15 na zaidi, yapata watatu katika kumi hawakujua kusoma wala kuandika. Sababu ni zaidi ya moja: katika miaka ya shida iliyopita katikati, watoto wengi hawakupelekwa shule, nao ndio waliokuwa watu wazima mwaka 2002. Lakini iko sababu nyingine iliyoogopwa tangu mwanzo. Katika mikoa ya Ziwa gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, lilianzishwa mwaka 1974 kwa sababu wakubwa wa elimu walijua ya kuwa mtu aliyejifunza kusoma kisha asipate cha kusoma hurudi alikotoka. Cheti hukaa ukutani, na herufi zatoka kichwani moja moja.

Na Geita, nchi ya dhahabu? Mgodi mkubwa wa zamani ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mpya ukaanza kutoa dhahabu mwaka 2000; lakini sisi twawatazama wachimbaji wadogo. Wao huponda mawe, huosha mchanga wake, kisha hutia zebaki ili ishikane na dhahabu iwe donge. Donge huchomwa motoni, zebaki ikaondoka kama mvuke usioonekana, naye mchomaji huuvuta, na mtoto aliye karibu pia. Kati ya mwaka 2002 na 2007 shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda lilikuwa na mradi juu ya zebaki katika nchi sita, na hapa Tanzania mahali pake palikuwa Rwamagasa, wilayani Geita. Mafundisho hayakuwa ya maneno tu. Wachimbaji walionyeshwa chombo kilichofungwa, chenye bomba, ambamo mvuke hupoa na kurudi kuwa zebaki, iweze kutumika tena. Hotuba juu ya sumu isiyoonekana yaweza kusahauliwa kabla ya kufika kwenye duara. Lakini aliyeona tone jeupe likidondoka kutoka katika bomba ameiona sumu ambayo zamani iliingia kifuani mwake.

Hatusemi kwamba jambo lile lilimaliza shida. Tanzania iliuridhia mwaka 2020 mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 juu ya zebaki, na zebaki ingali ikitumika machimboni. Mtu mwenye njaa, naye mnunuzi anamngoja, huchoma donge lake upesi hata kama analikumbuka somo neno kwa neno. Kukumbuka peke yake hakununui chombo.

Basi ninyi mnaokisoma kijitabu hiki kwa kikundi, kifungeni sasa, mkiweke chini. Mmoja wenu, asiwe yule aliyekuwa akisoma, aeleze Ngika na Gumha walikuwa nani, na mshindi wa ngoma zao hujulikanaje. Mwingine aseme kikundi cha mwaka 1973 kilifanya nini baada ya kuizima redio. Wa tatu aeleze zebaki hupitia wapi inapotoka katika donge. Palipo na kosa, wenziwe wamsahihishe palepale. Na wote wakinyamaza, ndipo kifunguliwe tena.