Bucha, au duka la vitoweo?

Duka la Kifaransa la mtaani, lenye meza za kahawa mbele na kabati la kioo lililojaa soseji na jibini, tuliiteje? Neno mkahawa linafaa nusu. Kahawa na café ni ndugu, wazawa wa neno la Kiarabu qahwa. Kabati ndilo gumu. Wapo wanaosema bucha, neno tulilopata kwa Waingereza, nao walilitoa kwa Wafaransa. Lakini bucha huuza nyama mbichi. Mfaransa hapo husema charcuterie, kutokana na maneno yenye maana ya nyama iliyopikwa (aghalabu ya nguruwe, kwa hiyo msomaji wa Lamu aulize kwanza). Mimi napendekeza duka la vitoweo. Kitoweo huliwa na mkate pia, na jibini limo.