Paka wa nyumbani katika mwambao wa Ziwa Nyasa

Paka wa nyumbani (*Felis catus*) ni mnyama mdogo mla nyama wa familia ya *Felidae*. Katika vijiji vya mwambao kama Lundo, mkoani Ruvuma, faida yake kuu ni kuwinda panya wanaoharibu mahindi na mihogo ghalani. Uchunguzi wa vinasaba uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kuwa ametokana na pakapori (*Felis lybica*) wa Mashariki ya Kati. Spishi hiyo ipo pia Tanzania. Asili hiyo ndiyo inayoeleza vituko vyake vingi: kufukia kinyesi, kukwaruza miti na milango ili kuacha alama na harufu, na kuchangamka jioni na alfajiri. Kukandakanda nguo kwa miguu ya mbele ni tabia ya utotoni, ambapo mtoto wa paka huchochea maziwa ya mama.

Ulimi wake una vijiba vigumu vinavyochana manyoya, hivyo paka mzima mwenye manyoya mafupi hahitaji kuogeshwa mara kwa mara. Huenda ikadaiwa kwamba basi hahitaji matunzo yoyote. Hoja hiyo haitoshi: ulimi haumalizi viroboto wala kupe, na paka aliyeacha kujilamba mara nyingi ni mgonjwa, mzee au mnene kupita kiasi. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini isitumike, kwani inaweza kumuua. Dagaa na usipa (samaki wadogo wa Ziwa Nyasa) humfaa zaidi wakipikwa, maana baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1.