Watoto wa Kavumu

Vijana wapendwa, historia ya huduma kwa waliobakwa katika Kivu ya Kusini huanza kusimuliwa na mwaka 1999, Hospitali ya Panzi ilipofunguliwa Bukavu. Daktari Denis Mukwege alikusudia kuwahudumia mama wajawazito. Mgonjwa wake wa kwanza akawa mwanamke aliyebakwa. Lakini habari za watoto yafaa tuzitafute Kavumu, kaskazini mwa mji huo.

Huko, kuanzia mwaka 2013 hadi 2016, wasichana wadogo zaidi ya 40 waliibwa usiku vitandani mwao wakabakwa. Mmoja wao hakuwa ametimiza hata mwaka. Kila lalamiko lilishughulikiwa peke yake, kana kwamba ni msiba wa nyumba moja. Wazazi, waganga na watetezi wa haki ndio waliosisitiza kwamba ni jambo moja, na mwaka 2016 mahakama ya kijeshi ikayakusanya pamoja. Watuhumiwa walikuwa wa kundi lililojiita Jeshi la Yesu (jina hilo na litutie haya), lililoamini kwamba damu ya bikira huwakinga wapiganaji.

Panzi ilishona majeraha, na kazi ndefu ikafuata. Mtoto hana maneno ya kueleza alilotendewa: huchora, hucheza, hukataa kulala gizani. Hapo huhitajika mwanasaikolojia, na wale wasaidizi ambao wagonjwa wa Panzi huwaita Maman Chérie, wanaoketi naye bila haraka. Mama mzazi naye huhitaji faraja, maana wazazi wengi walikuwa wamelala nyumba ileile wasisikie kitu.

Kesi ilisikilizwa Kavumu kwenyewe, mbele ya majirani. Watoto hawakusimamishwa mbele ya washitakiwa. Maneno yao yalikuwa yamekwisha kurekodiwa kwa video, wasilazimike kuyarudia. Mashahidi wengine walifunikwa nyuso. Desemba 2017 watu 11, akiwamo mbunge wa jimbo Frédéric Batumike, walihukumiwa kifungo cha maisha kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Kwangu mimi, hukumu hiyo ni sehemu ya tiba: kijiji kizima kilisikia kwamba watoto walisema kweli.

Mahakama iliamuru kila mtoto alipwe dola 5,000, lakini Serikali haikuwajibishwa. Aliyekuwa na miaka minne mwaka 2013 sasa ni wa rika lenu, na huenda mnaketi naye benchi moja.