Seli Shina na Balozi wa Nyumba Kumi

Mzee mmoja wa Bukoba, mgonjwa wa kisukari wa miaka mingi, alisomewa mbele yangu kijitabu cha kliniki kinachosema kwamba mishipa ya damu iliyoharibika huenda siku moja ikatibiwa kwa "seli za shina". Akauliza kwa adabu: "Shina letu au la mtaa wa pili? Maana balozi wetu amesafiri." Muuguzi alicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa mzee alikuwa sahihi kuliko jopo lililotuletea istilahi hiyo.

Tangu enzi za chama cha TANU, shina ni nyumba kumi na balozi wake, na walioandika habari zake kwa Kiingereza waliliita kwa neno lilelile ambalo wanabiolojia huitia seli. Kwa sikio la Mtanzania, basi, "seli shina" ni seli ya seli. Wakenya hawana balozi wa shina, lakini wana migomba, na kosa kubwa limo mgombani.

Neno lilianzia Ujerumani. Mwaka 1868 Ernst Haeckel aliandika Stammzelle akimaanisha kiumbe cha seli moja ambacho viumbe vyote vimetokana nacho. Stamm ni shina la mti, naam, lakini pia ni ukoo, nasaba, kabila. Haeckel alikuwa akichora mti wa nasaba. Waingereza wakabaki na mti, ukoo wakauacha njiani. Nasi tukaupokea mti huo bila kuukagua. Na shina la mgomba ndilo linalokufa! Likishatoa mkungu hukatwa. Kinachobaki ardhini ni tunguu, ambalo huchipuza machipukizi, na kila chipukizi huja na tunguu lake. Seli tunazozizungumzia hufanya hivyohivyo: hugawanyika zikajizaa zenyewe, tena zikazaa seli za kazi nyingine. Ziitwe seli tunguu. Nilipopendekeza hivyo katika kikao cha jopo, bingwa mmoja (simtaji, anajijua) alisema Tunguu ni mahali Unguja. Nami nilimkumbusha kwamba Shina ni mahali pa kulipia ada ya chama.

Wapo wanaopigania "seli mama". Hao wasome tena vitabu vya sekondari, ambako seli mama ni seli yoyote inayogawanyika. Tena mama hazai mama mwenziwe papo hapo. Wengine hudai istilahi ya shambani haiwezi kuingia maabara. Je, selimundu? Mundu umetoka wapi kama si shambani, na ni mgonjwa gani leo asiyeielewa?

Matumizi: seli tunguu, umoja na wingi, usiseme "seli za tunguu". Mfano: sukari iliyozidi huchubua utando wa ndani wa mishipa, damu haifiki unyayoni, kidonda hakiponi, mguu hukatwa; watafiti hutaraji seli tunguu zitachipuza mishipa mipya. Mwaka 2002 Wajapani walitangaza matokeo ya kudunga seli za uloto wa wagonjwa wenyewe katika shavu la mguu uliokosa damu, na baadhi wakapata nafuu. Hadi sasa si tiba ya kawaida ya kliniki, ingawa wauzaji wake wa mitandaoni ni wengi.

Hoja hizi niliziandika kurasa kumi na moja nikazikabidhi kwa mkono. Jopo liliahirisha ajenda yangu kwa sababu chai ilikuwa tayari. Kwenye orodha ya istilahi iliyochapishwa, "uloto" umeandikwa "ulotto", nami nimeshukuriwa kwa jina la mtu mwingine.

Yule mzee nilimweleza kwa tunguu. Alisikiliza, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa mwanangu, mgomba ukiwa na mnyauko, chipukizi lake nani anapanda?" Kijitabu hakikuwa na jibu. Seli hizo katika mwili wa mwenye kisukari huwa chache na dhaifu, na ndiyo maana watafiti wengine wanachukua za watu wenye afya. Mzee alikuwa amelifikia jambo hilo kwa neno moja, akiwa amekaa kwenye benchi akisubiri kupimwa sukari.