Ukanda Uliouzwa na Ukanda Uliokodishwa: Asili ya Mahkama za Kadhi katika Pwani Yetu

 

Limekuwa likitufikia swali moja kwa sura mbali mbali: kwa nini Muislamu wa Mombasa akifiwa anaweza kupeleka mirathi yake mbele ya kadhi anayetambuliwa na katiba ya nchi, na Muislamu wa Tanga, ambaye ni jamaa yake wa damu na wa madhehebu moja, hana kadhi wa namna hiyo? Wapo wanaodhani kuwa kadhi wa Kenya ni hisani ya serikali, na wapo wanaodhani ni zawadi ya Muingereza. Zote mbili si sahihi. Jawabu limo katika historia ya dola iliyopungukiwa na nguvu, na karatasi zilizotiwa saini wakati nguvu hizo zikiondoka.

Pwani moja, dola moja

Wareno walifika pwani hii mwaka 1498, na mwaka 1593 wakaanza kujenga Ngome ya Yesu, Mombasa. Ngome hiyo iliangukia mikononi mwa Waomani mwezi wa Disemba 1698, baada ya kuzingirwa kwa zaidi ya miaka miwili. Karne iliyofuata nguvu za Waomani zilipanda na kushuka, mpaka Sayyid Said bin Sultan alipoichukua Mombasa kutoka kwa Wamazrui mwaka 1837 na kuufanya mji wa Zanzibar kuwa makao yake makuu.

Dola yake ilikuwa ya bahari na biashara. Ilifunga mikataba na Marekani mwaka 1833, na Uingereza mwaka 1839, na Ufaransa mwaka 1844. Kila mji mkubwa wa pwani ulikuwa na liwali na kadhi wake. Zanzibar yenyewe ilikuwa na makadhi wa Kisunni na wa Kiibadhi, kila kundi likihukumiwa kwa madhehebu yake. Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawi, mzaliwa wa Barawa, alikuwa miongoni mwa makadhi mashuhuri wa zama hizo.

Uadilifu unatutaka tuseme na la pili. Sehemu kubwa ya utajiri wa dola hii ilitokana na jasho la watumwa katika mashamba ya karafuu na katika misafara ya bara. Dhulma hiyo ilikuwa dhulma mbele ya Mwenyezi Mungu kabla ya kuwa hoja mkononi mwa Muingereza. Lakini hoja ilikuwa, naye aliitumia: mikataba ya 1822, 1845 na 1873 ya kuzuia biashara ya watumwa kila mmoja ulimpa nafasi zaidi ya kuingilia mambo ya ndani.

Mgawanyo wa kwanza: ndugu wawili

Sayyid Said alifariki baharini mwaka 1856. Wanawe wakagombana: Thuwaini akiwa Muscat na Majid akiwa Zanzibar. Badala ya kusuluhishana wenyewe, walikubali hukumu ya Lord Canning, mtawala wa Muingereza kule India. Mwaka 1861 alizitenganisha nchi mbili, na Zanzibar ikatakiwa iilipe Muscat riale 40,000 kila mwaka. Mwaka 1862 Uingereza na Ufaransa zikatangaza kuwa zinaheshimu uhuru wa Muscat na wa Zanzibar.

Msomaji atazame jambo hili kwa makini. Mtu anayehitaji mwengine atangaze kuwa anauheshimu uhuru wake, tayari uhuru huo haumo tena mikononi mwake.

Mgawanyo wa pili: meza ya wengine

Mwisho wa mwaka 1884 Carl Peters aliingia bara ya Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami, akarudi na hati alizodai kuwa ni mikataba na watawala wa huko. Wakati huo huo mataifa ya Ulaya yalikuwa yakikutana Berlin. Mkutano ulifungwa tarehe 26 Februari 1885, na siku ya pili yake Mfalme wa Ujerumani akatoa hati ya kuyaweka maeneo hayo chini ya hifadhi yake. Sultan Barghash bin Said alipinga. Mwezi wa Agosti manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya kasri yake, naye akalazimika kunyamaza. Muingereza aliyekuwa akimtegemea hakumsimamia, kwani Uingereza ilikuwa na haja na Ujerumani katika mambo mengine makubwa zaidi kwake.

Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana mipaka ya Sultani: visiwa vya Unguja, Pemba, Mafia na Lamu, baadhi ya miji ya Benadir, na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 kuanzia kusini, karibu na mto Ruvuma, mpaka Kipini. Bara yote nyuma ya ukanda huo waligawana wao wawili. Ukanda wenyewe nao ukakodishwa vipande viwili, cha kaskazini kwa kampuni ya Kiingereza na cha kusini kwa kampuni ya Kijerumani mwaka 1888. Hapa ndipo njia za Mombasa na Tanga zilipoanza kuachana.

Kusini: ukanda uliouzwa

Maafisa wa kampuni ya Kijerumani walipoanza kupandisha bendera yao na kuchukua ushuru wa forodha, watu wa pwani waliinuka chini ya Bushiri bin Salim na wengineo. Vita vilizimwa kwa majeshi, na Bushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Disemba 1889. Mwaka uliofuata, tarehe 1 Julai 1890, Uingereza iliipa Ujerumani kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini, na Ujerumani ikakubali Zanzibar iwe chini ya himaya ya Uingereza. Ujerumani ikaununua moja kwa moja ukanda wa kusini kwa marka milioni 4. Sultani hakubaki na haki yoyote huko, wala hakukubaki sharti lililoandikwa la kuilinda dini ya wakaazi.

Wajerumani, na baada yao Waingereza, waliendelea kuwatumia maliwali na makadhi kwa sababu waliwahitaji. Lakini jambo linalosimama kwa haja ya mtawala huanguka haja hiyo ikiisha. Tanganyika huru ilipounganisha mahkama zake mwaka 1963, mahkama za maliwali na makadhi zilitoweka katika mfumo wa dola, na kesi za mirathi za Waislamu zikenda kwa mahakimu wa kawaida.

Kaskazini: ukanda uliokodishwa

Kaskazini ilikuwa vyengine. Kampuni ya Kiingereza ilipofilisika, Serikali ya Uingereza ilichukua uendeshaji wa ukanda kwa mkataba wa tarehe 14 Disemba 1895, kwa kodi ya pauni 11,000 kwa mwaka. Enzi ya Sultani haikuguswa kwa maandishi, na watu wa pwani waliahidiwa kuwa dini yao na ada zao zitahifadhiwa. Bendera nyekundu ikaendelea kupepea Mombasa.

Tusijidanganye juu ya nguvu za Sultani huyo. Tarehe 27 Agosti 1896, Khalid bin Barghash alipokalia kiti bila ya ridhaa ya Muingereza, kasri ilipigwa mizinga kwa muda wa dakika 38 hivi na mamia ya watu wakauawa au kujeruhiwa. Enzi ilibaki jina. Lakini jina lililoandikwa katika mkataba lilikuwa na faida yake. Ukanda uliitwa Himaya na si Koloni, na makadhi wake walihukumu kwa haki iliyotambuliwa. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1937 mpaka alipofariki 1947.

Uhuru ulipokaribia, suali la Mwambao likazuka: ujitenge, urudi Zanzibar, au uungane na Kenya? Tume ya Sir James Robertson ilipendekeza mwaka 1961 uungane na Kenya. Mwezi wa Oktoba 1963 Waziri Mkuu wa Kenya, Jomo Kenyatta, na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, waliandikiana barua, na tarehe 8 ya mwezi huo mkataba ukatiwa saini London. Sultani aliachia enzi yake. Kenya kwa upande wake iliahidi uhuru wa ibada, kubakishwa kwa Kadhi Mkuu na makadhi wengine katika mambo ya hali za watu binafsi, kufundishwa Kiarabu watoto wa Kiislamu, na kutambuliwa hati za ardhi zilizokuwepo.

Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Disemba na Kenya tarehe 12. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Januari 1964, serikali ya Shamte na Sultani ziliondolewa kwa Mapinduzi. Upande mmoja wa mkataba ukatoweka, lakini sharti lilikwisha kuingia katika katiba ya Kenya.

Hali ilivyo leo

Katika Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 169 na 170 zinazitambua Mahkama za Kadhi. Mamlaka yake yana mipaka: hali ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi, tena pale tu ambapo pande zote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa huko. Huku kwetu Zanzibar, Mahkama ya Kadhi ipo kwa mujibu wa Sheria Nam. 9 ya 2017. Tanzania Bara makadhi wamo katika taasisi za Waislamu, bila ya nguvu ya dola.

Mazingatio

Hatukuandika haya ili mtu adai ardhi au kufufua ugomvi. Mipaka hiyo imekwisha, na raia wa kila nchi wana haki zao katika nchi zao. Tumeyaandika kwa mambo matatu.

La kwanza, Qurani inatufunza katika Surat Aal Imran kuwa siku za ushindi huzungushwa baina ya watu. Wareno, Waomani na Waingereza wote wamepita Ngome ya Yesu, na leo ni makumbusho.

La pili, aya ndefu kuliko zote katika Qurani, iliyomo Suratul Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Aliyekosa nguvu kaskazini alibakiwa na maandishi, na maandishi yakawafaa wajukuu. Wanaogawa mirathi kwa mdomo, na wanaofunga ndoa bila ya cheti, nao wajitazame hapa.

La tatu, haki iliyopatikana kwa njia hii ni amana. Kadhi anayechelewesha faili la mjane, au anayewapunja mabanati fungu lao, anaipoteza kwa mikono yake haki ambayo mizinga haikuweza kuiondoa.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.